Filamu ya Kale Chini ya Jua la Ikweta: Picha za Mandhari kutoka Mwihoko hadi Kilimambogo

Eneo linaloanzia Mwihoko, kwenye ukingo wa Ruiru unaopakana na Nairobi, hadi Thika na mlima Kilimambogo halipewi nafasi kubwa katika vitabu vya picha za Kenya, ambavyo tangu zamani hupendelea simba wa Maasai Mara na tembo wa Amboseli. Hata hivyo, katika mwendo wa chini ya saa mbili kwa matatu, mpiga picha hukutana hapo na mashamba ya kahawa yenye udongo mwekundu, nyanda za udongo mweusi zinazoteremka kuelekea mto Athi, maporomoko ya Chania na ya Thika yaliyo kando ya hoteli ya Blue Posts iliyojengwa mwaka 1908, na upande wa mashariki Kilimambogo yenyewe, yenye kimo cha mita 2,145, ambayo kwa jina la Kimaasai huitwa Ol Donyo Sabuk na ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1967. Asubuhi za Januari na Februari, anga likiwa safi, hata vilele vya Mlima Kenya huonekana kutoka Thika kabla mawingu hayajavifunika. Ni mandhari inayofaa kabisa kupigwa kwa kamera za filamu za zamani, na hasa kwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu zinazohusu mwanga, udongo na kemia kuliko mapenzi ya vitu vya kale.

Filamu ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa utando wa jelatini wenye chembechembe za chumvi za fedha, na chembechembe hizo, zikiguswa na mwanga, hubeba picha isiyoonekana kwa macho mpaka itakapooshwa kwa dawa. Picha inayopatikana huitwa negativu, kwa maana penye mwanga huwa peusi na penye giza huwa peupe. Mkebe wa filamu ya milimita 35, ambao Kodak iliuingiza sokoni mwaka 1934 na ambao bado hutumika, kwa kawaida huchukua picha 36. Wepesi wa filamu kupokea mwanga hupimwa kwa nambari, kwa mfano 125 au 400, na nambari ikiwa kubwa filamu huhitaji mwanga mdogo zaidi, ingawa chembe zake huonekana wazi zaidi pichani.

Kamera za filamu zinazopatikana leo kwa bei ya mtumba ni mashine rahisi kuelewa. Zenit-E, iliyoanza kutengenezwa katika Muungano wa Kisovieti katikati ya miaka ya 1960, ina kipima mwanga cha seleni kisichohitaji betri hata kidogo, na Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, huhitaji betri kwa ajili ya kipimo cha mwanga tu, kiasi kwamba betri ikifa kamera huendelea kufanya kazi. Tatizo huwapata wanaonunua kamera zilizoundwa kutumia betri za zebaki, ambazo zimepigwa marufuku katika nchi nyingi. Betri za kisasa zenye umbo lilelile zina volti tofauti, na kipimo hudanganya bila mwenye kamera kujua.

Kipima mwanga kilichokufa, hata hivyo, si msiba katika nchi ya ikweta. Wapiga picha wa zamani walifuata kanuni isemayo kwamba, jua likiwaka bila wingu, tundu la lenzi huwekwa kwenye kipimo cha 16, na shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwa muda mfupi, huwekwa kwenye sehemu ya sekunde inayokaribiana na nambari ya filamu. Kwa filamu ya 125, basi, shata huwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Wingu jepesi likitanda, tundu hufunguliwa hadi 11 au 8. Kanuni hii ilibuniwa katika nchi ambazo jua hubadilika mno kati ya majira ya baridi na ya joto, lakini Ruiru, iliyo zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, huipata karibu mwaka mzima bila marekebisho makubwa.

Jua hilohilo lina ugumu wake. Mwezi Machi na Septemba jua la saa sita mchana hukaa karibu wima juu ya kichwa, vivuli hujikunja chini ya miti, na mashamba hugeuka bapa yasiyo na kina. Kwa kuwa jua huchomoza na kuzama karibu wima, ule mwanga wa dhahabu ambao huko Ulaya hudumu jioni nzima wakati wa kiangazi, hapa hupita kwa kasi, na giza huingia dakika ishirini hivi baada ya jua kutua. Mpiga picha wa mandhari ana takriban saa moja baada ya kumi na mbili na nusu asubuhi na saa nyingine kabla ya kumi na mbili na nusu jioni, na muda wa kati ni bora autumie kutafuta mahali pa kusimama. Julai na Agosti ni ubaguzi wa kupendeza, maana wingu zito la msimu wa baridi katika Kiambu husambaza mwanga sawasawa, na maporomoko yaliyo kivulini hupigwa hata adhuhuri.

Ni kwenye udongo ndipo filamu nyeusi na nyeupe huonyesha uwezo wake. Filamu za kisasa za aina hiyo huona rangi zote lakini huzigeuza kuwa kijivu, na udongo mwekundu wa Ruiru pamoja na majani ya mibuni mara nyingi huangukia kijivu kimoja, hivyo shamba lililopendeza machoni huwa uji pichani. Dawa yake ni kichujio, yaani kioo cha rangi kinachofungwa mbele ya lenzi. Kichujio chekundu hupitisha mwanga mwekundu na kuzuia buluu na kijani, kwa hiyo udongo hung'aa, mibuni huwa myeusi na anga huwa zito huku mawingu yakijitokeza. Kichujio cha kijani hufanya kinyume, kikiangaza majani na kuuacha udongo uwe mzito. Kichujio cha manjano ni cha kati, nacho hupunguza pia utusitusi wa mbali unaoifunika Kilimambogo ikitazamwa kutoka upande wa Ruiru. Kila kichujio hula mwanga: cha manjano hudai mara mbili ya mwanga wa kawaida, na chekundu hudai karibu mara nane. Atakayenunua kimoja tu na anunue cha manjano, kwa sababu chekundu hulevya, na picha kumi zenye anga jeusi huanza kufanana.

Kuhusu lenzi za kale, sifa nyingi zinazotajwa hazina kazi katika mandhari. Helios 44-2 ya milimita 58, inayokuja na Zenit nyingi na ambayo muundo wake ulitokana na Biotar ya Carl Zeiss ya Ujerumani, husifiwa kwa kuzungusha taswira ya nyuma, jambo ambalo hutokea tundu likiwa wazi kabisa tu. Kwenye kipimo cha 8 au 11, anachohitaji mpiga mandhari, ni lenzi kali ya kawaida. Baadhi ya Takumar za Pentax zilitengenezwa kwa kioo chenye thoriamu, madini yenye mnururisho mdogo, ambacho hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na rangi hiyo hupungua lenzi ikianikwa juani kwa siku kadhaa.

Maporomoko ya maji yana hesabu yake. Ili maji ya Chania yaonekane kama hariri, shata huachwa wazi kwa sekunde kadhaa, kamera ikiwa juu ya kiweko cha miguu mitatu, lakini filamu huchoka, yaani hupungua wepesi wake mwanga ukiwa hafifu na muda ukirefuka. Kwa filamu ya FP4 Plus ya Ilford, kipimo kikisema sekunde 10, muda sahihi ni karibu sekunde 18, na asiyejua hilo hurudi na negativu nyembamba zisizo na kitu kivulini. Fourteen Falls, yaliyo kwenye mto Athi chini ya Kilimambogo, hupigwa vizuri kwa njia hiyohiyo, ingawa takataka za plastiki zinazoletwa na maji kutoka mijini nazo huacha michirizi yake pichani, na hakuna kichujio cha kuziondoa.

Filamu ya rangi inahitaji maabara na joto linalodhibitiwa kwa uangalifu, ilhali nyeusi na nyeupe huoshwa nyumbani, ndani ya tangi dogo lisilopenya mwanga. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake katika chuo cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa huweza kuosha filamu, nayo dawa hiyo ikaitwa Caffenol. Kinachofanya kazi ni asidi iliyomo katika kahawa, si kafeini, na inahitaji mazingira ya alkali. Mchanganyiko unaojulikana sana huwa na gramu 54 za soda kavu ya kufulia, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka katika lita moja ya maji, kwa dakika 15 kwenye joto la nyuzi 20. Ajabu ni kwamba kahawa ya robusta, kama ile inayolimwa kwa wingi Uganda, huosha vizuri kuliko arabika iliyoipa Ruiru jina. Soda nayo hutoka Ziwa Magadi, lakini magadi ghafi ya kupikia maharagwe yamechanganyika na baikaboneti, hivyo ni dhaifu mpaka yakaangwe makavu kwenye sufuria. Dawa ya mwisho, inayoondoa chumvi za fedha zilizobaki ili picha isiharibike, haina mbadala wa kutegemewa jikoni, na ikishatumika isimwagwe mtoni, kwa kuwa ina fedha inayodhuru viumbe wa majini.

Mandhari yenyewe haitangoji. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe na kuzinduliwa mwaka 2012, mashamba makubwa ya kahawa ya Ruiru yamekatwa viwanja au kugeuzwa miji mipya kama Tatu City, na ghorofa za Mwihoko huongezeka kila mwaka. Negativu za miaka ya 1970 na 1980, zilizopigwa na wenye studio na watu wa kawaida waliosimamisha jamaa zao shambani, ni ushahidi wa sura ya nchi hiyo, hata kama aliyezipiga alilenga nyuso tu. Aliye na bahasha za negativu nyumbani asizitupe: azihamishe kutoka mifuko ya plastiki hadi bahasha za karatasi, aandike mahali na mwaka kwa penseli juu ya bahasha kabla ya kuiingiza filamu, na aziweke mahali pakavu, mbali na jiko na bafu.