Uchovu wa Mama Mfanyakazi Karatu na Ngorongoro: Mapumziko Yamo Katika Sheria

Na Mwandishi Wetu, Karatu

Kuanzia Juni hadi Oktoba kila mwaka, magari ya watalii hupita mjini Karatu tangu alfajiri yakielekea Lango la Lodoare, mlango wa kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro. Wageni hao hulala, hula na kufuliwa nguo katika hoteli na loji zilizoko Karatu, Rhotia na ukingoni mwa kreta. Miongoni mwa wanaotandika vitanda, wanaopika na wanaopokea wageni wamo akina mama wenye watoto wadogo. Wamo pia walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri, wakulima wa vitunguu wa Mang'ola na wafugaji wa Endulen na Nainokanoka. Wote hao wana zamu mbili kwa siku: ya kipato na ya nyumbani.

Zamu hizo mbili zinapofuatana kwa miezi bila nafasi ya kupumzika, mama hufikia hali ya kuishiwa nguvu kutokana na kazi. Makala haya yanaeleza hali hiyo ni ipi, namna ya kuitambua, na saa za mapumziko ambazo sheria za nchi zinampa mama aliyeajiriwa.

Uchovu huu si wa siku moja

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika kuhusu wahudumu wa kliniki waliokuwa wakijitolea hadi wakaishiwa nguvu na moyo wa kazi. Tangu hapo suala hilo limechunguzwa katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linaieleza hali hiyo kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. WHO haikuihesabu kuwa ugonjwa, bali inaitambua kuwa hali inayotokana na kazi.

Dalili zake kuu ni tatu. Ya kwanza ni kuchoka kusikoisha hata baada ya usingizi. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, mtu akaanza kuichukia au kuwaona wateja, wagonjwa au wanafunzi kuwa kero. Ya tatu ni kushuka kwa ufanisi, ambapo kazi aliyokuwa akiimaliza kwa saa moja humchukua saa mbili, na makosa huongezeka.

Maelezo ya WHO yanahusu kazi ya ajira pekee. Kwa mama, hesabu haiishii hapo. Anayetoka zamu saa 10:00 jioni anaingia katika kupika, kuteka maji, kuogesha watoto, kusimamia masomo yao na kuamka usiku kunyonyesha. Kwa sababu kazi hiyo haina mshahara wala ratiba, wengi hawaihesabu, na mama mwenyewe hujilaumu kuwa ni mvivu au hana uvumilivu.

Hali ya Karatu na Ngorongoro

Mazingira ya wilaya hizi mbili yanaongeza uzito wa jambo hili. Kazi ya utalii ni ya msimu: miezi ya kiangazi huwa na wageni wengi, ilhali Aprili na Mei, wakati wa masika, wageni hupungua. Mfanyakazi wa msimu hujitahidi kukusanya kipato cha mwaka katika miezi michache, hivyo huona vigumu kuomba ruhusa au kukataa saa za ziada.

Pili ni umbali. Ukingo wa kreta uko katika mwinuko wa takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na wafanyakazi wa loji zilizoko huko huishi katika nyumba za wafanyakazi mahali pa kazi. Mama mwenye mtoto aliyeachwa kwa bibi au kwa dada wa kazi mjini Karatu anaweza kukaa siku kadhaa bila kumwona.

Sheria inavyosema kuhusu saa za kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, imeweka viwango ambavyo mwajiri hapaswi kushuka chini yake. Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60.

Kati ya siku moja ya kazi na nyingine, mfanyakazi anastahili saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo. Hapa wafanyakazi wa loji wanapaswa kuwa makini. Kwa anayeishi katika eneo la kazi, sheria inaruhusu mapumziko ya kila siku kupunguzwa hadi saa 8, lakini ni lazima yawepo makubaliano ya maandishi. Vilevile, makubaliano ya maandishi yanaweza kuunganisha mapumziko ya wiki mbili na kumpa mfanyakazi angalau saa 60 mfululizo. Kwa mama anayefanya kazi ukingoni mwa kreta, saa hizo 60 zinatosha kushuka hadi nyumbani, kulala na watoto wake na kurejea. Ni jambo linalofaa kujadiliwa na mwajiri kabla msimu haujaanza.

Mama mjamzito hapaswi kupangiwa zamu ya usiku, yaani kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi, katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Mama aliyejifungua naye hapaswi kupangiwa zamu hiyo kwa miezi miwili baada ya kujifungua. Muda huo ukipita, bado anaweza kuondolewa katika zamu ya usiku akiwasilisha cheti cha daktari kinachothibitisha kuwa afya yake au ya mtoto hairuhusu.

Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yameongeza muda kwa aliyejifungua mtoto njiti. Akirejea kazini huku ananyonyesha, mama anastahili hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo.

Wafanyakazi wa msimu hawakusahauliwa. Ingawa kwa kawaida likizo zenye malipo huhitaji utumishi wa miezi 6, sheria inamtambua aliyeajiriwa kwa msimu, pamoja na aliyefanya kazi kwa mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja katika mwaka ikiwa jumla ya muda wake inazidi miezi 6. Kumwachisha mfanyakazi kazi kwa sababu ya ujauzito ni kinyume cha sheria.

Wasio na mwajiri

Mkulima wa vitunguu katika mashamba ya umwagiliaji ya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, hana mwajiri wa kumwomba likizo. Vivyo hivyo mama wa jamii ya wafugaji, ambaye hujenga nyumba, huteka maji, husenya kuni na kukamua ng'ombe, na wakati wa kiangazi hubaki na boma lote mikononi wanaume wanapohamisha mifugo kufuata malisho.

Kwa akina mama hawa, mapumziko hupatikana kwa kugawana kazi. Vikundi vya akiba na mikopo vya wanawake, ambavyo viko katika vijiji vingi, vinaweza kupanga zamu za kulea watoto siku za mavuno au za mnada. Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inatambua kuwa malezi ya mtoto mdogo ni jukumu la familia nzima na jamii. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri ndiyo mahali pa kuuliza utaratibu wa kuanzisha kituo cha kulelea watoto wadogo mchana.

Baba naye ana sehemu yake. Sheria inampa likizo ya malipo mke wake anapojifungua, na likizo hiyo ni kwa ajili ya kusaidia malezi. Baada ya hapo, kazi ya kwanza ya wanandoa ni kuorodhesha majukumu ya siku nzima, kila moja na saa yake, kisha kuyagawa. Orodha hiyo huwashangaza wengi, maana huonyesha wazi nani analala saa ngapi.

Wakati wa kumwona mtaalamu wa afya

Si kila uchovu unatokana na kazi. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana, hivyo mama anayechoka kupita kiasi apimwe kwanza. Aidha, huzuni inayodumu zaidi ya wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto anapolala, kukosa hamu ya kumshika mtoto au mawazo ya kujidhuru huweza kuwa dalili za sonona, ambayo ni ugonjwa unaotibika. Mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake. Afikishwe mara moja katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu.

Hatua za kuchukua

Mama aliyeajiriwa anashauriwa kuweka nakala ya mkataba wake, kuandika kila siku saa ya kuingia na kutoka kazini, na kuwasilisha ombi lake kwa maandishi. Wafanyakazi wa hoteli, hifadhi na majumbani wanaweza kupata msaada kupitia chama chao cha CHODAWU, walimu kupitia CWT, na watumishi wa serikali na afya kupitia TUGHE. Maofisa Kazi husimamia utekelezaji wa sheria sehemu za kazi. Mgogoro usipotatuliwa, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, au siku 30 kwa anayepinga kuachishwa kazi.

Kwa upande wa waajiri, wakati mzuri wa kupanga zamu za msimu ujao ni sasa, wakishirikiana na wafanyakazi wenyewe. Mhudumu aliyelala vya kutosha hukosea mara chache na hukaa kazini muda mrefu, na mgeni aliyetoka mbali kuiona Ngorongoro hupokewa na mtu mwenye nguvu ya kumkaribisha.