Gia Inapohamia Mkononi

Kuondoa gari la gia za kuingiza kwenye mwinuko, nyuma kuna magunia ya mahindi, ni kazi ya mwili mzima. Mguu wa kushoto unaachia klachi polepole, wa kulia unatoka breki kwenda mafuta, mkono wa kushoto umeshaingiza namba moja na sasa unashusha hendibreki, wa kulia umeshika usukani. Kiungo kimoja kikikosekana, injini inazima au gari linarudi nyuma. Dereva wa Kasekese, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, akipooza mguu au akikatwa baada ya ajali, huambiwa atafute kazi nyingine. Mimi nasema atafutiwe chombo kingine, au hicho hicho kibadilishwe.

Chombo cha karibu ni bajaji. Kaa kwenye kiti chake utazame. Mafuta yako kwenye hendeli ya kulia. Kushoto kuna mkono wa klachi. Ukiubana, hendeli yenyewe inazungushwa na gia inabadilika. Mpangilio huu ni urithi wa skuta za Vespa za Italia, ambazo kampuni ya Bajaj ya India ilizitengeneza kwa leseni ya Piaggio. Miguu imebakiwa na kazi moja tu: kanyagio la breki, upande wa kulia. Ndiyo maana Dar es Salaam dereva wa bajaji mwenye ulemavu wa miguu si jambo geni.

Hilo kanyagio moja ndilo la kufanyia kazi, na hapa wenzo unasaidia. Chukua bomba la chuma, lifungie egemeo imara kwenye fremu, kisha uliunganishe na kanyagio kwa fimbo fupi. Tuseme fimbo imeshika sentimita 15 kutoka kwenye egemeo, na kiganja kinashika sentimita 60. Mkono una faida mara nne: breki inayohitaji msukumo wa kilo 20 inakubali kwa kilo 5. Gharama yake ni mwendo, kwani kanyagio likishuka sentimita 5, mkono umesafiri 20. Nafasi hiyo ipimwe kabla ya kuchomelea, bomba lisije likagonga goti njiani. Mkono wa kulia ndio utakaovuta, kwa sababu unapofunga breki huhitaji mafuta, na hendeli ikiachiwa hurudi yenyewe. Mlimani, breki ya kuegeshea inashikilia mpaka klachi ikamate.

Toyo, yaani pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, ni ngumu zaidi, maana gia yake inapigwa kwa mguu wa kushoto. Nayo huunganishiwa fimbo inayopanda hadi mkononi, lakini sasa mikono miwili inabeba kazi nne: mafuta, klachi, gia na breki, na breki lazima ipewe nafasi ya kwanza.

Kwenye gari dogo, mkombozi ni otomatiki. Injini inazungusha pangaboi ndani ya chungu cha oili, oili inasukuma pangaboi la pili, klachi ya mguu haina kazi tena. General Motors waliitoa gia otomatiki yao, Hydra-Matic, mwaka 1939. Kabla ya hapo Rais Roosevelt wa Marekani, aliyepooza miguu mwaka 1921, alikuwa na Ford ya 1936 iliyofungwa vidhibiti vya mkono. Leo magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani ni otomatiki. Aliyebaki na mguu wa kushoto huongezewa kanyagio la mafuta upande huo. Asiye na miguu hufungiwa fimbo moja: kusukuma ni breki, kuvuta ni mafuta. Mwenye mkono mmoja huwekewa kirungu cha kuzungushia usukani.

Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe ushuru gari moja lililoundwa mahususi kwa mtu mwenye ulemavu. Ni jambo jema, ila ningependa kuona fundi wa kuchomelea wa Mpanda naye akikaguliwa na kutambuliwa, kwani wateja wengi wataishia kwake.

Na kanyagio la zamani lisikatwe. Chombo cha familia kina madereva zaidi ya mmoja, na usiku wa dharura huenda mdogo wa dereva ndiye atakayewahisha mgonjwa Mpanda.