Ubora wa Waya au Uwezo wa Waya?

Mnunuzi wa waya wa kuunganisha king'amuzi na televisheni, awe katika maduka ya Msamvu, Morogoro, au penginepo, huenda akaambiwa kwamba waya wa bei kubwa hutoa picha safi zaidi. Kauli hiyo ilikuwa na ukweli zama za analojia. Picha ilisafiri kama umeme unaopanda na kushuka, na kila dosari ya waya iliingia pichani: rangi zilififia, chenga zikazagaa kiooni. (Neno hili chenga, lililochotwa katika mchele uliovunjika, wananchi walilitumia bila kungoja kikao cha istilahi.)

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Katika mfumo wa dijitali kinachopitishwa ni mfululizo wa tarakimu 0 na 1, na kazi ya kifaa kipokeacho ni kung'amua ipi ni ipi. Maadamu kinang'amua sawasawa, picha ni ileile, waya uwe ghali au rahisi. Waya ukiwa mrefu mno, au ncha zake zikilegea na kushika kutu, makosa huzidi. Hapo picha haififii, bali humeguka vipandevipande, huganda, au hutoweka.

Ving'amuzi vingi huonyesha vipimo viwili, ambavyo twapendekeza viitwe nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Mfasiri asivichanganye. Kikuza mawimbi kibovu huweza kuongeza nguvu huku kikiongeza na makelele, hivyo ubora ukashuka. Lakini vipimo hivyo vyahusu waya utokao kwenye antena. Waya wa HDMI, utokao kwenye king'amuzi kwenda kwenye televisheni, haubebi mawimbi hayo, nao hatuoni sababu ya kuusifu kwa neno ubora. Sifa yake ni uwezo. Picha za 4K zipitazo 60 kwa sekunde huweza kuhitaji waya wenye uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde, na waya uliotosha kwa picha za kawaida huenda ukashindwa.

Kwa hiyo mtumishi anayeandika katika hati ya zabuni “nyaya bora za ukumbi” hajamweleza mzabuni lolote. Aandike: “nyaya za HDMI, urefu mita 3, uwezo gigabiti 18 kwa sekunde.”