Senti Ngapi za Utafiti?

Mwaka 2013 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Humo imeandikwa kuwa Hazina ya Serikali itoe kila mwaka fungu la asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Wengi wetu hapa Pwani hata hatukuisikia.

Hebu niieleze hiyo asilimia. Chukulia kila kilichozalishwa nchini mwaka mzima, kuanzia samaki wa Vanga hadi chai ya Kericho, ni shilingi 100. Swali ni: kati ya hizo, ngapi zimetumika kutafuta maarifa mapya? Humo huhesabiwa mishahara ya watafiti, maabara, majaribio ya shambani na ya viwandani, awe mlipaji ni serikali, kampuni au mfadhili. Kununua kompyuta za shule hakumo, ingawa wanasiasa hupenda kukutaja pamoja. Na hupimwa kwa sehemu ya pato kwa sababu nchi kubwa itatoa mabilioni hata kama utafiti hauijalii.

Korea Kusini hutumia karibu shilingi 5 katika kila 100, nyingi zikitoka kwa kampuni zake. Umoja wa Afrika uliwataka wanachama wake wafikishe angalau shilingi 1. Hesabu ya Kenya ya mwaka 2010 ilikuwa senti 79, na kwa Afrika hizo si haba. Lakini karibu nusu yake zilitoka nje ya nchi.

Hapo ndipo mimi panaponikera. Tazama Kilifi. Kituo cha KEMRI na Wellcome ya Uingereza kipo tangu 1989, na chanjo ya malaria ambayo watoto wa Kenya walianza kupewa mwaka 2019 ilifanyiwa majaribio huko pia. Faida hiyo siikani, watoto waliookolewa ni wetu. Ila malaria ni swali la dunia nzima, ndiyo maana mlipaji alipatikana. Nani aliyeko London atalipia swali la minazi iliyozeeka Msambweni? Mtwapa tuna kituo cha utafiti wa kilimo, Mombasa tuna KMFRI ya bahari na uvuvi. Maswali yao yatalipiwa na sisi wenyewe, au yatakaa kabatini.

Bajeti ikisomwa Juni, muulizeni mbunge wenu: zile shilingi 2 za sheria zi wapi, na ngapi zimefika Mtwapa?