Nani Anaruhusiwa Kukupa Dawa ya Akili?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, hulali usiku, unasikia sauti wasizosikia wenzako. Uende kwa nani, dada muuguzi?

MUUGUZI: Kituo cha afya cha serikali, kama kile cha Busiu, Mbale. Uganda ilifuta ada za vituo hivyo mwaka 2001.

MTANGAZAJI: Yeyote anaweza kunipa dawa?

MUUGUZI: Hapana. Awe daktari, tabibu au muuguzi, lazima awe amesomea kazi hiyo, amesajiliwa na baraza lake, na ana leseni ambayo bado ni halali. Mhudumu wa afya wa kijiji hutambua dalili na kukuelekeza kituoni, haandiki dawa.

MTANGAZAJI: Na anayeuza sindano sokoni?

MUUGUZI: Mkatae. Dawa ya kifafa nayo usiiache ghafla. Degedege hurudi kwa nguvu.

(Muziki)