Somo la 14: Tumbo la Uzazi Lenye Umbo Tofauti

  Kiongozi wa darasa, tafadhali angalia kwamba kila mtu ana daftari na penseli, na wasioona mbali wakae karibu na ubao.

Leo tutasoma habari za uzazi. Wanaume msitoke nje. Somo hili ni lenu pia, na kabla halijaisha mtaona kwa nini.

Kiongozi, andika ubaoni maneno haya manne: tumbo la uzazi, mlango wa kizazi, kiambaza, pembe. Wengine wote wayaandike katika daftari.

(Mwalimu ananyamaza kidogo ili wanafunzi waandike.)

NYUMBA YA MTOTO HUJENGWAJE

Tumbo la uzazi ni nyumba anamokaa mtoto kabla ya kuzaliwa. Wengine huliita mji wa mimba, na wengine mfuko wa uzazi. Kwa mwanamke asiye na mimba ni dogo, urefu wake kama sentimita 7 au 8. Umbo lake ni kama papai dogo lililopinduliwa: upande mnene uko juu, upande mwembamba uko chini. Ndani mna nafasi moja tu. Kule chini kwenye wembamba ndipo palipo na mlango wa kizazi. Mimba ikiwapo, mlango huo hukaa umefungwa mpaka wakati wa kuzaa ufike.

Nyumba hiyo hujengwa lini? Hujengwa wakati mwanamke huyo mwenyewe yungali tumboni mwa mama yake. Mwanzoni huwapo mirija miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Mtaalamu wa Kijerumani, Johannes Müller, aliandika habari za mirija hiyo mwaka 1830. Siku zinavyokwenda, mirija husogeleana upande wa chini na kushikamana. Kisha ukuta ulio katikati huyeyuka, kikabaki chumba kimoja.

Fikirini vyumba viwili vya udongo vilivyojengwa ukuta kwa ukuta. Fundi akiuvunja ukuta wa kati, mtapata ukumbi mmoja mpana. Lakini mara nyingine kazi haifiki mwisho. Pengine vyumba havikukutana. Pengine vilikutana, lakini ukuta wa kati haukuvunjwa. Pengine chumba kimoja hakikujengwa kabisa.

Hapa sikilizeni vizuri. Mambo hayo yalikwisha tukia kabla msichana hajazaliwa. Si uchawi wa jirani. Si laana ya wazee. Si adhabu ya mambo ya ujanani. Hakuna alilolifanya yeye, wala alilolifanya mama yake, ambalo yafaa alaumiwe kwalo.

MAUMBO YENYEWE

Sasa tutaje maumbo yanayoonekana mara nyingi.

La kwanza ni tumbo lenye kiambaza. Kwa nje ni tumbo moja, lakini ndani ukuta mwembamba umebaki katikati. Ukuta huo waweza kuwa mfupi, au waweza kushuka hadi chini.

La pili ni tumbo lenye pembe mbili. Hili limegawanyika kwa juu, kama panda ya mti, lakini kwa chini limeungana.

La tatu ni tumbo la pembe moja. Upande mmoja tu ndio uliokua. Ule wa pili haupo, au umebaki kipembe kidogo.

La nne ni matumbo mawili yaliyo mbalimbali, kila moja na mlango wake.

Wako pia wasichana wachache, kama 1 katika kila 5,000, wanaozaliwa bila tumbo la uzazi. Msichana wa namna hii hukua vizuri na kuota matiti, lakini haoni damu ya mwezi. Msichana akifika miaka 15 bila kuona damu, apelekwe hospitali, asingojewe.

Je, wanawake wenye maumbo tofauti ni wengi? Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi walitoa hesabu mwaka 2011. Waliona kwamba ni kama 5 au 6 katika kila wanawake 100. Tufanye hesabu ndogo. Kijiji kina wanawake 400. Tukichukua 5 katika kila 100, je, ni wangapi? Andikeni jibu.

(Mwalimu ananyamaza kidogo.)

Jibu ni 20. Kwa hiyo si ajabu wakiwamo katika kijiji chenu, au hata katika darasa lenu. Wengi wao hawajui, kwa sababu walishika mimba na kuzaa bila taabu.

JE, ATASHIKA MIMBA?

Mara nyingi, ndiyo. Mayai ya mwanamke hayatoki katika tumbo la uzazi. Hutoka katika ovari, nazo hujengwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo mwenye tumbo la pembe moja, au mwenye matumbo mawili, kwa kawaida huona damu yake kila mwezi na huweza kushika mimba.

Ikiwa mume na mke wamekaa pamoja miezi 12 wakitafuta mtoto bila kupata, yafaa waende hospitali. Mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6. Tena waende wote wawili. Mara nyingi sababu huwa kwa mwanamume, na mbegu zake hupimwa kwa urahisi. Kumpima mke peke yake ni kama kutafuta ng'ombe aliyepotea upande mmoja wa mto tu.

Umbo la tumbo hujulikanaje? Halijulikani kwa kupapasa kwa mkono. Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, yaani chombo kinachofanya picha kwa mawimbi ya sauti. Daktari Ian Donald wa Glasgow na wenzake walieleza kazi ya chombo hicho kwa wanawake mwaka 1958, na leo kimeenea nchi nyingi. Kipimo hiki hakikati wala hakiumi. Hospitali kubwa zina altrasaundi ionyeshayo umbo lote la tumbo, na pia mashine ya picha yenye sumaku. Ni lazima kulitazama umbo la ndani na la nje, kwa sababu kiambaza na pembe mbili hufanana, lakini matibabu yake si mamoja.

Mwanamke akiambiwa ana umbo tofauti, na aulize pia habari za figo. Figo hujengwa wakati ule ule na mirija ile. Kwa hiyo baadhi ya wanawake hawa, hasa wenye pembe moja, huwa na figo moja tu. Mtu aweza kuishi vizuri na figo moja, lakini yafaa daktari wake ajue.

KUIBEBA MIMBA

Kwa wengi, kushika mimba si tatizo. Tatizo ni kuibeba mpaka miezi itimie. Hatari ziko nne.

Hatari ya kwanza ni mimba kutoka mapema. Hii huonekana zaidi kwa wenye kiambaza.

Hatari ya pili ni mtoto kuzaliwa kabla ya wiki 37. Hii huonekana zaidi kwa wenye pembe moja, wenye pembe mbili, na wenye matumbo mawili, kwa maana nafasi ni ndogo.

Hatari ya tatu ni mtoto kukaa vibaya. Akikosa nafasi ya kugeuka, hutanguliza matako au hulala kingamo. Huenda mama akahitaji kupasuliwa. Lakini umbo la tumbo peke yake si sababu ya kumpasua kila mwanamke.

Hatari ya nne ni ya nadra, lakini ni kali. Mimba yaweza kuingia katika kile kipembe kidogo cha tumbo la pembe moja. Kipembe hakiwezi kutanuka kama tumbo zima, na chaweza kupasuka. Damu humwagika ndani, na mama aweza kufa upesi. Dalili zake ni maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu na kuzimia. Mwenye dalili hizo asipewe dawa nyumbani. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku.

Kwa sababu hizo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mwenye mimba aonane na watumishi wa afya mara 8 au zaidi, na apimwe kwa altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24. Sikilizeni mfano. Mwaka 2019 mwanamke mmoja wa Bangladesh alizaa mtoto kabla ya wakati, akarudi nyumbani. Siku 26 baadaye tumbo likamuuma tena. Alipopimwa kwa altrasaundi, ilionekana ana matumbo mawili, na katika tumbo la pili mlikuwa na pacha. Alipasuliwa, na pacha wakatoka wazima. Hakuwa amepimwa hata mara moja kabla ya siku hiyo. Yeye aliokoka, lakini si vizuri kutegemea bahati.

Mama akijulikana mapema, wauguzi huweza kufanya mengi. Huweza kupima urefu wa mlango wa kizazi. Mlango ukifupika kabla ya wakati, baadhi ya wanawake hufaidika kwa kufungwa uzi. Kazi hiyo ilielezwa na Daktari Shirodkar wa Bombay mwaka 1955, na Daktari McDonald wa Melbourne mwaka 1957. Si kila mwanamke anayehitaji uzi. Daktari ndiye atakayeamua.

Ikiwa mtoto yu karibu kuzaliwa mapema mno, iko sindano ya kuyakomaza mapafu yake. Hupigwa mama, tena hospitalini, kabla hajazaa. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa dawa hiyo katika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani. Katika kila watoto 100, vifo vya watoto wachanga vilipungua kutoka kama 23 na nusu hadi karibu 20. Lakini mama aliye nyumbani, mwendo wa siku nzima kutoka hospitali, hawezi kuipata sindano hiyo kwa wakati.

KUKATA KIAMBAZA AU KUKIACHA

Wengi huuliza, "Kwa nini ukuta usikatwe tu?" Kiambaza chaweza kukatwa kwa chombo chembamba kipitacho njia ya uke, bila kupasua tumbo. Kwa miaka mingi madaktari walikikata wakiamini kwamba ni lazima kitasaidia. Kisha wengine wakataka kuhakikisha. Walichukua wanawake 80 wa Uholanzi, Uingereza, Marekani na Irani, wakawagawa kwa kura. Nusu walikatwa, nusu waliachwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Katika waliokatwa, 31 katika kila 100 walipata mtoto aliye hai. Katika walioachwa, walikuwa 35 katika kila 100.

Maana yake nini? Wanawake 80 ni wachache, na madaktari wangali wanajadiliana. Lakini twajifunza jambo moja: usiuze shamba wala ng'ombe upesi kwa ajili ya kupasuliwa. Muulize daktari maswali matatu. Umbo langu ni lipi hasa? Kukata kutanifaa nini? Nisipokatwa, itakuwaje? Daktari mwema hachukizwi na maswali. Na tumbo lenye pembe mbili kwa kawaida halifanyiwi upasuaji wa kulirekebisha.

KAZI YA MUME NA JAMAA

Sasa wanaume mtaona kwa nini niliwaomba mkae. Tuseme yuko mwanamke ambaye mimba zake tatu zimetoka. Mama mkwe ananung'unika. Mashangazi wanamshauri mume aoe mwingine. Mke analia usiku, mchana anakwenda shamba kama kawaida. Hakuna aliyempeleka kupimwa, lakini hukumu imekwisha tolewa.

Hukumu hiyo ni dhuluma. Mimba zikitoka mara mbili au zaidi, dawa yake si talaka, ni uchunguzi. Na umbo la tumbo ni sababu moja tu kati ya nyingi. Hata likijulikana, wanawake wengi wenye maumbo haya hatimaye hupakata watoto wao.

Basi mume afanye nini? Aende kliniki pamoja na mkewe. Aweke akiba ya nauli tangu mimba inapojulikana. Aulize mapema ni hospitali ipi yenye chumba cha upasuaji na mahali pa kutunza watoto njiti. Wiki za mwisho zikikaribia, amtafutie mkewe mahali pa kulala karibu na hospitali hiyo, kwa ndugu au kwa rafiki. Kadi ya kliniki isifungiwe sandukuni. Iwekwe mahali ambapo hata jirani ataiona. Na mimba ikitoka, amwambie mkewe, na awaambie jamaa zake wakisikia, kwamba si kosa lake.

MASWALI

Someni maswali haya kwa sauti, kisha mjibu katika daftari.

1. Tumbo la uzazi la mwanamke hujengwa wakati gani?
2. Tumbo lenye kiambaza na tumbo lenye pembe mbili hutofautianaje?
3. Kijiji kina wanawake 600. Ikiwa 5 katika kila 100 wana umbo tofauti, ni wangapi?
4. Taja dalili tatu zinazotaka mwenye mimba apelekwe hospitali mara moja.
5. Kutoka kwenu hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji ni kilomita ngapi, na nauli ni shilingi ngapi?

Jibu la swali la tano halimo katika somo hili. Kila mmoja akalitafute, alilete darasani juma lijalo.