Hita Ikipuliza Baridi, Angalia Maji ya Injini Kwanza

Majira ya baridi yakishaingia Minnesota, Iowa na Maine, walikohamia wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kenya, Kongo na kwingineko, lalamiko moja hunifikia tena na tena: hita ya gari inapuliza baridi. Feni inavuma, swichi imezungushwa hadi mwisho wa alama nyekundu, lakini vidole vinakufa ganzi kwenye usukani. Dereva huanza kuulizia bei ya hita mpya. Ninamsihi asubiri. Mara nyingi hita yenyewe haina kosa. Tatizo liko kwenye mfumo wa kupoza injini, na upepo ule baridi huenda ukawa onyo la mapema kwamba injini inakaribia kuchemsha.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na joto lenyewe linakotoka. Gari la petroli au la dizeli kwa kawaida halichomi mafuta ya ziada ili kumpasha abiria joto. Injini inapofanya kazi, takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa joto linalobebwa na maji ya kupozea, yaani kulanti. Pampu huyazungusha maji hayo ndani ya injini. Thamostati huyazuia yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yafike nyuzi 82 hadi 95 za Selsiasi, kutegemea aina ya gari. Wakati huohuo, sehemu ya maji hupita kwenye paipu mbili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa katikati ya rejeta hiyo, nawe unapata joto. Kwa hiyo hita ikipuliza baridi kuna mawili: ama maji ya moto hayafiki kwenye rejeta ndogo, ama yanafika lakini hewa haipitishwi hapo.

Kazi ya kwanza ni kupima kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Mfumo huo hufanya kazi kwa mgandamizo, na kifuniko kikiachia ghafla, maji huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Injini ikiwa imepoa, tazama alama za juu na za chini kwenye chupa ya akiba, na kama rejeta ina kifuniko chake, fungua uone kama imejaa hadi shingoni. Maji yakipungua, hita huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukosa, kwa sababu katika magari mengi rejeta ndogo iko juu na hewa hujikusanya humo. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukikanyaga mafuta joto linakuja, ukisimama kwenye taa za barabarani linakata. Wakati mwingine utasikia maji yakigugumia nyuma ya dashibodi.

Ukiongeza maji na joto likarudi, usidhani kazi imekwisha. Mfumo huu umefungwa. Maji hayapungui sana bila kuwa na mahali yanapotokea. Tafuta unyevu chini ya gari, kwenye maungio ya paipu na kwenye pampu. Gusa kapeti iliyo miguuni kwa abiria wa mbele: ikiwa imelowa, na ndani ya gari mna harufu tamutamu na utando wa mafuta kwenye kioo, rejeta ndogo inavuja. Kama hakuna dalili ya kuvuja popote lakini bomba la moshi linatoa moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, au mafuta ya injini yamegeuka rangi ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi. Hapo gari liende kwa fundi kabla halijaenda popote pengine.

Kazi ya pili ni kusoma geji ya joto. Gari likitembea dakika 15 na mshale bado uko chini, au ukipanda mjini kisha ukashuka kwenye barabara kuu, thamostati imekwama ikiwa wazi: maji yanakimbilia rejeta kubwa kabla hayajapata moto. Afrika Mashariki mafundi wengi huing'oa thamostati kwa kuamini kwamba wanaizuia injini isichemshe. Hata kwenye baridi ya Limuru au Makete mazoea hayo huinyima hita joto, na huku Marekani huiacha injini ikifanya kazi baridi, ikila mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Thamostati ni kifaa cha bei nafuu, ibadilishe, usiiondoe. Lakini mshale ukipanda kuelekea nyekundu huku hita ikipuliza baridi, simama mara moja na uzime injini. Yaelekea maji yamekwisha au hayazunguki.

Kazi ya tatu ni paipu mbili za hita zinazoingia kwenye ukuta kati ya injini na chumba cha abiria. Pasha injini moto, izime, kisha ziguse kwa uangalifu. Zote mbili zikiwa za moto, maji yanafika, na tatizo liko upande wa hewa. Moja ikiwa ya moto na ya pili baridi, rejeta ndogo imeziba kwa kutu na tope, au vali ya hita imefunga. Zote zikiwa baridi ilhali geji inaonyesha joto la kawaida, fikiria hewa iliyonaswa au pampu iliyoliwa mapanga yake. Rejeta iliyoziba mara nyingi huweza kuoshwa kwa maji ya mgandamizo mdogo yanayosukumwa kinyume na njia yake ya kawaida. Jaribu hilo kabla ya kukubali kubadilishiwa, kwani katika magari mengi kuifikia ni kufungua dashibodi nzima, na gharama kubwa iko kwenye saa za fundi. Jihadhari pia na dawa za kuziba uvujaji zinazomiminwa kwenye rejeta; zinaweza kuziba njia nyembamba za hita.

Upande wa hewa, mshukiwa mkuu ni kilango kinachochagua hewa ipite kwenye joto au ikwepe. Kwenye magari mengi ya sasa huendeshwa na mota ndogo ya umeme. Ukigeuza swichi ukasikia ta-ta-ta nyuma ya dashibodi, au dereva akapata joto huku abiria akipulizwa baridi, mota hiyo ndiyo ya kukagua. Upepo ukiwa wa moto lakini dhaifu, angalia chujio la hewa ya ndani.

Sasa nizungumzie mazoea yanayotugharimu zaidi tunapohama. Kwetu, rejeta ikipungua tunajaza maji ya bomba na safari inaendelea. Kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, maji hayo huganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, nguvu inayotosha kupasua rejeta au bloku ya injini. Hata kabla ya kuganda kabisa, hugeuka tope la barafu lisilozunguka, na hita hukata. Nusu kwa nusu ya maji na kulanti ya ethilini glaikoli huhimili takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. Wala usijaze kulanti tupu kwa kudhani utapata kinga zaidi: ikiwa peke yake huganda karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri. Chagua aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari, kwani rangi pekee haitoshi kukuongoza. Pia futa haraka ikimwagika. Ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na mbwa.

Tahadhari nyingine inahusu uhai. Usipashe gari moto ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, na baada ya theluji kuanguka safisha bomba la moshi kabla ya kuwasha injini. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na huua.

Wenye magari ya umeme hawamo katika maelezo ya paipu na thamostati. Joto lao hutokana na hita ya umeme au mfumo wa kuvuta joto kutoka nje, na uchunguzi wake ni wa fundi aliyesomea umeme wa volti kubwa.

Ukilazimika kwenda gereji, nenda na majibu matatu: maji yalikuwa kiwango gani injini ikiwa imepoa, geji inasoma wapi gari likitembea, na paipu ipi ni ya moto. Mgeni asiyejua gari lake ni rahisi kuuziwa rejeta ya hita asiyoihitaji. Majibu hayo matatu, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga, humwelekeza fundi moja kwa moja kwenye kasoro.